Chumbe, Mnemba, Changuu au Kwale: kwa siku moja ya bahari, uende kisiwa gani?

Kila Desemba shule zikifungwa, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni ndugu wa bara: wifi yangu wa Morogoro, binamu wa Tabora, rafiki niliyesoma naye Dodoma. Swali lao ni moja. Wana siku moja tu ya bahari, wanataka kuvaa miwani waone samaki, na watoto waone wanyama ambao hawakuwaona Mikumi. Waende wapi? Wengine wameshaiona Mnemba kwenye picha na wameshakata shauri. Kwangu wanataka namba ya mwenye boti tu.

Mimi ni mtu wa Unguja mjini. Visiwa hivi vinne nimepeleka wageni kwa zaidi ya miaka kumi: watoto wa kubebwa, wazee wa miaka sabini, na watu wazima waliokuwa hawajawahi kuonja maji ya chumvi. Hapa naviweka bega kwa bega kama ninavyowaeleza kwenye simu, ila kwa nafasi zaidi. Upande wangu nausema mapema: kisiwa chenye masharti mengi ndicho kilichobaki na vitu vya kuona. Zamani sikuwa na maoni hayo, na ushauri niliokuwa nikiutoa ulikuwa mwingine kabisa.

Vilipo, na nani anavitunza

Changuu ndicho cha karibu. Boti za mbao zinaondoka ufukweni Forodhani na Shangani, na ndani ya nusu saa mmefika. Wengi wanakiita Kisiwa cha Gereza, ingawa gereza lililojengwa mwaka 1893 halikutumika kufungia wafungwa. Liligeuzwa karantini ya abiria wa meli, wakati homa ya manjano ilipokuwa ikihofiwa. Boti ya kwenda huko unaikuta papo hapo, huhitaji kuandikisha jina siku tatu kabla.

Chumbe kiko kusini ya mji, kilomita kama 12, na boti yake inaondoka Mbweni. Tangu mwaka 1994 ni hifadhi ya bahari na msitu inayoendeshwa na kampuni binafsi kwa makubaliano na Serikali ya Zanzibar, na kampuni hiyo haikuundwa kugawana faida. Vyumba vya kulala ni saba tu. Mgeni wa kutwa anapokelewa siku ambazo vyumba havijajaa, kwa hiyo hapa lazima uulize mapema na ukubali kuambiwa hapana. Kipindi cha masika hufunga.

Mnemba iko kaskazini mashariki, mbele ya Muyuni na Matemwe. Hapa pana jambo ambalo wageni wangu wengi wamelijua wakiwa tayari ndani ya boti: kisiwani hushuki. Kile kisiwa kidogo cha mchanga mweupe na mivinje ni cha hoteli. Wewe unaogelea kwenye mwamba unaokizunguka, ambao ni eneo la hifadhi ya bahari tangu mwaka 2002 na unalipiwa ada, kisha boti inakurudisha ufukweni Unguja kula. Zile picha za watu wamesimama kwenye mchanga zimepigwa kwenye fungu la pembeni maji yalipokupwa, au na wageni wa hoteli yenyewe.

Kwale ni kisiwa cha Ghuba ya Menai, kusini magharibi, na watu wanaanzia Fumba. Ghuba nzima, kilomita za mraba 470, ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Hifadhi hii ni ya namna nyingine: wavuvi wa vijiji vya pembezoni wanaendelea kuvua, ila kwa kanuni, na kamati za vijiji zina sauti. Safari ya Kwale ni ya kutwa nzima kwa dau au boti, mnapita mafungu mawili matatu ya mchanga, mnaogelea, mnakula samaki wa kuchoma chini ya miti, na jioni kama upepo upo mnarudi kwa tanga.

Chini ya maji

Hapa ndipo tofauti zilipo kubwa.

Changuu, kwa kuogelea na miwani, haishindani na wenzake. Mwamba upo na samaki wapo, ila umechoka, na maji huwa na ukungu kwa sababu bandari na mji viko karibu. Mtoto anayevaa miwani kwa mara ya kwanza atafurahi: ataona viti vya pweza vyekundu na kundi la samaki wa milia. Mtu aliyekwisha kuona mwamba mzima atatoka ndani ya dakika kumi. Wengi siku hizi wanaunganisha Changuu na lile fungu la mchanga la Nakupenda, ambalo maji yakijaa linatoweka kabisa. Fungu hilo ni zuri kwa kuoga na kupiga picha. Usilitegemee kwa samaki.

Mnemba ina samaki wengi, na maji ya bahari kuu yanayoingia na kutoka huyafanya yawe safi kiasi kwamba unaona kivuli chako kwenye mchanga mita nyingi chini. Siku ya utulivu ni pazuri mno, hilo silifichi. Shida ya Mnemba ni sisi. Miaka michache iliyopita nilimpeleka wifi yangu na wanawe wawili, na nikamchukua binti yangu aliyekuwa darasa la tano. Tulifika saa nne asubuhi, siku ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na maji yamekupwa. Nilihesabu boti ishirini na tatu, na nyingine zilikuwa zinakuja. Maji yalikuwa ya kiuno, watu wamechoka kuogelea, basi wanasimama. Wanasimama juu ya matumbawe. Nahodha wetu mwenyewe aliwaambia watoto, "Simameni hapo, mpumzike." Mpwa wangu akasimama, akakanyaga shokomzoba, miiba minne ikamwingia kisiginoni. Safari ikaishia hapo. Mchana wote tulikuwa tunampaka utomvu wa papai na yeye analia.

Binti yangu alikuwa ametoka Chumbe na skuli yao mwezi mmoja kabla. Chumbe wana utaratibu wa muda mrefu wa kupokea wanafunzi wa Zanzibar na kuwafundisha mwamba wakiwa ndani ya maji. Alinivuta mkono akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu mbele ya wageni: "Mama, wanawakanyaga. Wale ni wanyama." Mimi, mtoto wa visiwa, niliyekua nikiyaita mawe, niliambiwa na mtoto wa miaka kumi na moja kwamba tumbawe ni mnyama mmoja mmoja mdogo, maelfu wamejenga nyumba moja, na kwamba yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Piga hesabu. Tumbawe lenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza lilianza kukua kiasi cha miaka ile mnara wa taa wa Chumbe ulipojengwa, na mnara huo ni wa mwaka 1904.

Mwaka uliofuata nikalipa, nikaenda Chumbe mwenyewe.

Mwamba wa Chumbe umenusurika kwa historia yake. Upande wa magharibi wa kisiwa kunapita njia ya meli za Dar es Salaam, na pwani ya ng'ambo ilikuwa eneo la jeshi, kwa hiyo hata kabla ya hifadhi wavuvi wadogo hawakuruhusiwa kutega pale. Hifadhi ilipoanza ilikuta mwamba ambao haujapigwa nyavu za kukokota wala baruti, ikaufunga moja kwa moja. Hakuna kuvua, hakuna kuokota kombe, hakuna kutia nanga; boti hufungwa kwenye boya. Hata kupiga mbizi kwa mtungi ni kwa watafiti tu. Wanasayansi wamehesabu hapo aina karibu 200 za matumbawe magumu na zaidi ya 400 za samaki. Eneo lenyewe la mwamba uliofungwa halizidi sana hekta 30. Kwa miguu ungeumaliza kabla chai haijapoa.

Unaingia majini na mlinzi, na walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji jirani. Aliyetuongoza sisi alikuwa mtu mzima, mikono imekomaa kwa mishipi, anavuta boya la duara kwa kamba ili anayechoka ashike hapo na asisimame popote. Hakusema mengi. Alipiga maji kwa kiganja mara mbili, akaonyesha. Chini yetu palikuwa na chaza mkubwa kama beseni, midomo ya buluu imepinda. Kivuli chetu kilipompita alifumba, taratibu, kama mtu anayefunga mlango bila kuamsha watoto. Kisha mlinzi akaweka kidole sikioni: sikilizeni. Nilibana pumzi, nikasikia kwaru, kwaru, kwaru, sawasawa na mtu anayetafuna bisi chumba cha pili. Walikuwa ni pono, wakubwa wa kijani, wanakwangua matumbawe kwa midomo yao kama ya kasuku. Wanameza, wanasaga, na wanachotoa nyuma ni mchanga. Sehemu ya ule mchanga mweupe tunaoulalia ufukweni imepita tumboni mwa pono.

Kwale iko katikati. Miamba ya Menai imetapakaa: mingine mizima, mingine imevunjika, na nahodha mzuri anajua apeleke wapi kwa maji ya siku hiyo. Samaki si wengi kama Mnemba, lakini huogelei ukigongana miguu na watu hamsini. Kuna pia ghuba ndogo yenye mikoko, maji yakijaa unaogelea kati ya mizizi. Wageni hawaitarajii, nao hukaa wakiisimulia.

Neno moja kwa visiwa vyote: joto la bahari la mwaka 1998 liliyaunguza matumbawe ya pwani nzima ya Afrika Mashariki yakawa meupe, mengi yakafa, na mwaka 2016 yaliunguzwa tena. Hata Chumbe utaona mabaka ya matumbawe yaliyokufa. Tofauti ni kwamba pale pasipokanyagwa wala kuvuliwa, machipukizi yanaonekana juu ya mifupa ya zamani.

Wanyama wa nchi kavu na pomboo

Ukija na watoto wadogo, Changuu inaongoza kwa mbali. Kobe wake wakubwa asili yao ni Aldabra, Shelisheli. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919 kama zawadi. Kufikia 1955 walikuwa wamefika kama 200, kisha wizi ukawamaliza, wakiuzwa nje na kuliwa, hata mwaka 1996 wakabaki saba. Ndiyo maana leo wako ndani ya uzio, na makinda yanafungiwa peke yake. Umri wao umeandikwa kwa rangi kwenye gamba, na watoto wanapita wakisoma: huyu wa miaka themanini, huyu mia na ishirini, huyu kamshinda bibi. Unapewa fungu la mchicha, kobe ananyoosha shingo yenye mikunjo kama soksi ya zamani na kutafuna bila haraka. Marehemu mama mkwe wangu alikaa nao saa nzima, hakutaka kuondoka. Usimpandishe mtoto mgongoni kwa ajili ya picha, hata mwenye boti akisema haina neno.

Chumbe wanyama wake ni wa kutafutwa. Yupo kaa mkubwa anayepanda minazi, kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu duniani, anayeweza kufikia kilo nne. Anatoka usiku, kwa hiyo mgeni wa kutwa huonyeshwa mashimo yake na akibahatika anamwona mmoja amejificha mzizini. Wapo paa nunga waliohamishiwa pale kuokoa kizazi chao. Ni paa adimu wa Unguja na misitu michache ya pwani ya Kenya, na wana haya. Mimi sijawaona. Nilichokiona ni msitu wenyewe, uliosimama juu ya jiwe tupu la matumbawe ya kale, mizizi imetambaa kutafuta nyufa, na hakuna kisima wala mto. Maji ya kisiwani ni ya mvua, yanakingwa kwenye mapaa. Kwa mtu wa bara anayejua kilimo, matembezi hayo ya saa moja yanafundisha mengi. Kwa mtoto wa miaka minne ni kuchoka tu.

Pomboo ndio wanaoulizwa kuliko wote, na ndio wanaonitia uchungu. Wapo Menai mwaka mzima, wanaonekana pia Mnemba. Kizimkazi, upande wa pili wa Ghuba ya Menai, utalii wa pomboo ulianza mapema miaka ya 1990, na ulikuwa na kheri yake: kabla ya hapo pomboo walivuliwa wakafanywa chambo cha papa, na wavuvi walipoona kuwa pomboo hai analeta riziki kila siku, uvuvi huo ukaachwa. Kilichofuata ni mbio. Boti kumi zinamzunguka mama na mtoto wake, manahodha wanapigiana kelele, wageni wanaambiwa "rukeni, rukeni!" kila pomboo wanapoibuka. Watafiti waliowafuatilia Menai wameeleza wazi kwamba boti zikizidi, pomboo hubadili mwenendo, hula na kupumzika kidogo. Mnemba siku hizi mambo ni yale yale.

Kwa hiyo kwa pomboo nachagua safari ya Kwale, kwa sababu moja: siku haikujengwa juu yao. Wakitokea, mnapunguza mashine na kutazama. Wasipotokea, siku bado imejaa. Kabla ya kulipa namuuliza nahodha swali hili: "Tukiwakuta pomboo, tunaruka?" Akisema ndiyo, namshukuru na kutafuta mwingine.

Maji kujaa na kupwa: kabla ya bei, angalia mwezi

Hili ndilo ambalo watu wa bara hawaulizi, na ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko mvua. Bahari yetu inapanda na kushuka sana. Siku za bamvua tofauti hukaribia mita nne. Na Unguja bamvua ina saa zake: maji hukupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa kiasi cha saa kumi. Siku za maji mafu ni kinyume, asubuhi ndiyo yamejaa, na mwendo wa maji ni wa pole.

Huna haja ya programu ya simu. Shika kalenda ya Kiislamu. Tarehe mosi hadi tatu na kumi na tano hadi kumi na saba ni bamvua. Tarehe nane hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na nne, ni maji mafu. Safari nyingi za kutwa hufika kwenye mwamba kati ya saa nne na saa sita. Siku za bamvua hiyo ina maana maji ya kiuno, matumbawe chini ya tumbo lako, na mkondo mkali pindi yanapoanza kurudi, hasa Mnemba. Siku za maji mafu saa ile ile una kina cha kutosha na bahari imelala.

Chumbe wanajua hili na ratiba yao inafuata maji: yakikupwa mnaanza na msitu na vidimbwi vya mwambani, yakipanda ndipo mnaogelea. Kwale ni vile vile, nahodha anazungusha mpango. Changuu haiathiriki sana, ila Nakupenda inahitaji maji yaliyokupwa, vinginevyo hamna fungu. Mnemba ndiyo isiyosamehe. Boti za kundi zinaondoka saa ile ile kila siku, mwezi uwe wowote.

Upepo nao. Desemba hadi Machi ni kaskazi, inapiga kutoka kaskazini mashariki, na Mnemba iko usoni pake. Siku ambayo Mnemba inatapisha watu, Chumbe na Changuu, zilizojificha nyuma ya Unguja, zinaweza kuwa kama sinia. Kusi, kuanzia Aprili, huyachafua zaidi maji ya kusini, Menai na mkondo wa Chumbe, mchana kuliko asubuhi. Tanga mbili, Oktoba na Novemba, kusi ikishalegea na kaskazi haijashika, ndiyo miezi ninayoipenda. Mvua za vuli huwa za kupita. Ila shule hazifungwi Oktoba, ndilo tatizo la wazazi.

Wasiojua kuogelea

Wageni wangu wengi wako hapa, na hakuna cha kuonea aibu. Jaketi la kuokolea livaliwe na kila mmoja, na lifungwe mikanda yote. Ukikuta boti ina majaketi machache kuliko watu, shuka. Kabla ya siku ya safari, jaribuni miwani ufukweni, maji ya magotini, mpaka mtoto azoee kupumua kwa mdomo. Nusu ya hofu inaisha hapo.

Kwa asiyejua kabisa, Kwale na Changuu ni salama zaidi kwa sababu unaingia majini kwa miguu kutoka mchangani. Chumbe anaweza, akiwa na jaketi na akishika boya la mlinzi. Rafiki yangu wa Dodoma, aliyekuwa akiogopa hata ndoo iliyojaa, alikaa majini dakika arubaini namna hiyo. Mnemba unaruka kutoka ubavuni mwa boti kwenye kina na mkondo. Sipeleki tena asiyejua kuogelea huko.

Kina mama wenzangu wanaojisitiri: nguo ya kuogelea ya mwili mzima, ya kubana kidogo, inatosha na inakukinga jua. Buibui na madira yanajaa maji na yanazamisha, nimeona kwa macho yangu. Fulana ya mikono mirefu kwa wanaume na watoto pia, kuliko kujipaka mafuta ya jua ambayo yanaishia juu ya matumbawe.

Gharama

Sitataja bei kwa sababu zinabadilika kila msimu na kila mlango. Kwa mpangilio: Changuu ni rahisi kuliko zote, hasa mkijaza boti moja mkagawana. Mnemba kwa boti ya kundi inafuata, lakini ongeza gari la kwenda Matemwe au Nungwi na kurudi, na ada ya hifadhi. Wengi husahau hizo. Kwale ni ya kati na chakula kimo ndani, na ni chakula cha kweli, si biskuti na soda. Chumbe ndiyo ghali, na chakula, kiongozi na vifaa vimo. Kila mahali uliza bei ya mkaazi na beba kitambulisho. Tofauti yake na bei ya mgeni wa nje ni kubwa mno.

Familia ya watu sita Chumbe ni pesa ya kuweka akiba, sikatai. Nilichofanya ni kuacha safari mbili za Mnemba ili niende Chumbe mara moja, na sikujuta.

Kama hamfiki Unguja

Walio Dar es Salaam wana Mbudya na Bongoyo, hifadhi tangu mwaka 1975, boti za Kunduchi na Msasani. Miamba yake iliteswa na baruti kwa miaka mingi; nendeni kwa ufukwe, samaki wa kukaanga na upepo, na miwani iwe ya ziada.

Walio Mombasa na Kwale (ile ya Kenya, si kisiwa chetu) nawaonea wivu. Kisite, mbele ya Shimoni, imefungwa kwa uvuvi tangu miaka ya 1970 na sasa iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, na mwamba wake unastahili kuwekwa karibu na Chumbe. Tena baada ya kuogelea mnashuka Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja, mnakula kaa kwa ndimu, mnapita kwenye daraja la mbao ambalo kina mama wa kijiji wanalisimamia katikati ya matumbawe ya kale na mikoko. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wanapita huko na watoto wao. Mtu wa Tanga pia aifikirie, mradi hati ya kusafiria iko tayari.

Mwaka huu wifi yangu anakuja tena na wanawe, yule wa kisiginoni sasa yuko kidato cha pili, na safari hii anamleta na mama yake mzazi. Nimeshatazama kalenda. Siku ya kwanza, tarehe nane ya mwezi wa Kiislamu, maji mafu, vijana na mimi tunapanda boti ya Mbweni; nimewaandikisha tangu Septemba. Siku ya pili jioni jua likipoa, Bi Mkubwa tunampeleka Changuu kwa mwendo wa nusu saa, na nimeshamwambia mwenye boti amshike mkono wakati wa kushuka, maana maji yatakuwa yamekupwa na ngazi inateleza.